Konrodi za Sanya Juu

Sikuwa nimewahi kushika konrodi mkononi mpaka baba alipoleta nyumbani ile iliyomuua kaka yangu. Aliitoa gereji ikiwa ndani ya gunia la kahawa, akaiweka juu ya meza ya sebuleni, kati ya chupa ya chai na vikombe vya watu waliokuwa bado wanakuja kutupa pole. Ni chuma tu, kinachoshika pistoni kwa juu na krenki kwa chini, na kazi yake ni kupokea kishindo cha kila mlipuko ndani ya injini na kukifanya kizungushe magurudumu. Hii ilikuwa imekatika katikati. Pale ilipokatikia palikuwa na rangi ya kijivu yenye punje za kumeta, kama chumvi ya mawe. Niliitazama kidogo, kisha nikaenda kuosha vikombe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa na lori moja la zamani lililoshusha ndizi kutoka kwetu Uru hadi Moshi mjini na kurudi na chochote ambacho watu wa mlimani walihitaji. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka hata baadhi ya majirani wakaanza kung'oa mibuni, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa inakula kutoka kwenye lile lori. Kaka ndiye aliyekuwa dereva. Siku ile alikuwa amebeba tofali na saruji za mtu mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuwa anajenga kwao harakaharaka ili Desemba ikifika, watu wa mjini wanaporudi mlimani kwa Krismasi, asilale katika nyumba ya babake wakati wenzake wote wamekwisha kujenga. Mzigo ulizidi. Ulikuwa unazidi kila siku na hakuna aliyeshangaa. Kwenye mpando wa juu ya mto konrodi ilikatika, ikatoboa bloku ya injini kutoka ndani, na injini ikazima hapo hapo. Breki za lori lile zilitegemea upepo uliojazwa na injini, na mitungi yenyewe ilikuwa inavuja siku nyingi. Lori likaanza kurudi nyuma. Waliokuwa wamekaa juu ya mzigo waliruka. Kaka alibaki kwenye usukani akililengesha mbali na nyumba za watu, mpaka likaingia kwenye migomba na kulala ubavu.

Kila aliyekuja msibani alinisimulia habari ya usukani. Aliokoa watu, walisema, yule alikuwa shujaa. Mwanzoni nilikuwa naitikia. Baadaye nilitamani aje hata mtu mmoja aseme kwamba kaka alikuwa mpumbavu, kwamba angeruka tu na nyumba za watu zingejengwa upya, ili nami nipate wa kugombana naye. Sikuwa na huzuni. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu watu walidhani ninayo na naificha. Sikuwa na kitu. Nilikuwa mtu wa viti. Niliazima viti vya parokia, nikavipanga kihambani, kwenye shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, chini ya migomba, nikavikusanya, nikagombana na mtu wa kwaya juu ya kimoja kilichovunjika mguu. Tulimzika kaka pale pale kihambani, karibu na babu, na wakati padre anasoma mimi nilikuwa nawaza kile kiti.

Watoto wa kiume tulikuwa wawili. Dada zetu walikuwa wameolewa. Mimi nilikuwa nafundisha kwa muda katika shule ya msingi ya jirani nikisubiri nafasi ya chuo cha ualimu, lakini leseni nilikuwa nayo, maana kaka alinifundisha kuendesha kule chini kwenye tambarare. Kwa hiyo kila mgeni aliyekaa sebuleni kwetu aliitazama ile konrodi mezani, akanitazama mimi, akashusha macho kwenye kikombe chake. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi, hata wanafunzi wangu wa darasa la kwanza wangeipata.

Mama ndiye aliyeisema kwa sauti. Siku tuliyoanua matanga alisimama mlangoni na kumwambia baba mbele ya ndugu wote, "Lile gari limeshachukua mmoja. Halitapewa mwingine."

Baba alikuwa anakunja turubai. Aliendelea kukunja, akafunga kamba, akaingia nalo stoo.

Tangu siku ile mama hakusema tena na baba. Hakununa, hakugomea kazi; alipika, alifua, alimwekea maji ya kuoga. Ila kila neno lilipitia kwangu. "Mwambie baba yako mtori uko tayari," angesema, na baba yuko hapo hapo, amekaa kwenye kigoda chake, ananusa mtori wenyewe. Nami nilikuwa nageuka na kusema, "Baba, mtori uko tayari," na baba anajibu, "Mwambie nakuja." Mtu mwingine angecheka. Mimi niliifanya kazi hiyo ya ukarani bila kucheka na bila kuudhika.

Baba hakuwa mtu katili. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndugu kadhaa walimsema vibaya kwa kukimbilia gereji wakati udongo wa kaburi la mwanawe haujakauka. Alikuwa na wazo moja tu kichwani, na ndilo lililomfanya aamke asubuhi. "Mwanangu hakuuawa na lori," aliniambia tulipokuwa tunashuka mjini mara ya kwanza, yeye na gunia lake begani. "Ameuawa na chuma chembamba. Tutatafuta chuma kinene, na hakitakatika tena." Nilitaka kumuuliza chuma kisipokatika kitasaidia nini, na nani atakuwa amekaa kwenye usukani. Nilifungua mdomo nikamuuliza kama amebeba mwavuli.

Miaka michache nyuma konrodi mpya ungeipata kwa kibali, na kibali ungekipata kwa kumjua mtu. Sasa milango ilikuwa imefunguliwa. Moshi mjini, mitaa ya karibu na soko, maduka ya spea yalikuwa yamejaa hadi barazani: pistoni katika makasha yenye picha za rangi, beringi zilizofungwa kwa karatasi ya nta, gasketi zimetundikwa ukutani. Wauzaji walikuwa vijana wenye mashati mazuri na maneno mengi. "Karibu, meku," walimwita baba kwa neno la Kichaga la mzee, "karibu ndani. Hii ni orijino kabisa, imetoka nje juzi."

Baba alisalimia, akaomba aione. Kisha akatoa kwenye gunia mzani wake wa kahawa, ule wa ndoana wanaotumia watu kupima kahawa nyumbani kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi ili wasipunjwe. Aliitundika kwanza konrodi ya kaka, vipande vyote viwili vimefungwa kamba ya katani, akasoma. Kisha akaitundika ile mpya ya kijana. Kila mara mpya ilikuwa nyepesi.

"Nyepesi hii," baba alisema.

"Mzee, siku hizi vyuma ni vyepesi. Ni teknolojia."

"Na mlima umekuwa mfupi?"

Kijana alicheka, akanitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Nilikuwa nimeshika gunia likiwa wazi ili baba arudishe vyuma vyake, na nilichokuwa nahisi ni njaa. Tulirudia hivyo duka hadi duka, siku hadi siku, na habari zikatutangulia. Ikafika mahali wauzaji wakituona kwenye kona wanaambiana, "Yule mzee wa mzani anakuja," na wengine walificha bidhaa chini ya kaunta. Mkulima wa kahawa amepunjwa maisha yake yote kwenye mizani za watu. Nadhani kumwambia baba aamini sanduku lenye picha badala ya ndoana yake ilikuwa kazi bure.

Fundi wetu alikuwa na gereji yake Njoro, pale pale mjini. Alikuwa Mpare, mtani wetu, na alimtania baba hata siku zile za msiba, jambo ambalo watu wengine wote waliliogopa. "Wachaga bwana," alisema baba alipomwaga vyuma mezani. "Hata mkifiwa mnatembea na mzani." Baba akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Fundi alisema bloku nyingine kupatikana si tatizo, ziko Arusha. Tatizo lilikuwa matumbo, ndivyo alivyoviita vyuma vya ndani: krenki, konrodi, pistoni. Injini ya lori letu, alieleza, ilikuwa na ndugu yake. Kiwanda kilekile kilitengeneza injini ya umbo lilelile kwa ajili ya mitambo isiyotembea, pampu na majenereta, inayonguruma kutwa nzima pasipo kupumzika. Ile walikuwa wameipa krenki iliyopikwa zaidi motoni ili iwe ngumu, na konrodi nene. "Ukiipata hiyo," alisema, "unatoa matumbo yake, unayatia humu. Yanaingia bila kuchonga sana. Hapo utabeba kanisa zima na padre wake."

Baba akaanza kutafuta pampu. Aliuliza kwenye misa, aliuliza kwenye vilabu vya mbege, aliuliza kwa wazee waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Tulikwenda Machame kuona moja iliyokuwa ya umwagiliaji. Tukakuta mwenye nayo, Mlutheri mmoja mpole sana, ameigeuza nguzo ya banda la ng'ombe, na kutu imeila mpaka ndani. Alitupa maziwa mgando tukanywa, akatuombea. Baba alipima konrodi moja hata hivyo, kwa adabu, kisha tukaondoka.

Ndipo tukasikia ya Sanya Juu. Huko tambarare, kwenye mashamba ya ngano, kulikuwa na shamba moja la umma lililokuwa limefungwa, na mali zake zilikuwa zinauzwa kidogo kidogo: matrekta, mabati, hata milango. Tulikwenda siku ya soko, baba, fundi na mimi. Upepo wa kule ni baridi na hauna mahali pa kugonga. Msimamizi aliyeachiwa kuuza alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti refu la mvua ingawa mvua haikuwepo. Alimwamkia baba, "Shikamoo mzee," baba akaitikia, wakaulizana habari za ng'ombe na za mvua kabla ya kufika kwenye chuma, kama inavyotakiwa.

Pampu ilikuwa chini ya banda, na kuku walikuwa wametaga juu yake. Fundi alihamisha mayai kwa uangalifu, akafungua kifuniko cha ubavuni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akazungusha. Tulisikia sauti laini ya vitu vyenye mafuta vikipishana. Fundi akazungusha tena. Alifungua tangi la chini na baada ya kazi ndefu akatoa konrodi moja, akaifuta kwa suruali yake, akampa baba.

Baba aliitundika kwenye mzani. Akaitundika ya kaka. Akarudia ile ya kwanza, na hapo alitabasamu, tabasamu zima, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilimwangalia akitabasamu nikasubiri hasira ije. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kuipokea. Haikuja. Niliona tu kwamba jino lake la upande lilikuwa limeng'oka na sikujua limeng'oka lini.

"Chuma hiki ni cha lori?" aliuliza msimamizi.

"Cha lori."

"Na dereva ni nani, mzee? Maana injini hii ikifufuka inataka dereva mwenye kichwa."

Baba aliweka mkono begani kwangu. "Ni huyu," alisema.

Ndiyo mara ya kwanza alipolitamka. Fundi aliinama akaanza kuokota spana ambazo hazikuwa zimeanguka. Msimamizi alinipa mkono na kusema, "Hongera, kijana," nami nikasema, "Asante." Nilisema kama mtu aliyepewa kikombe cha maji. Mpando ule wa juu ya mto niliujua, kona yake niliijua, migomba iliyolaliwa na lori ilikuwa bado haijainuka. Yote niliyaona mbele yangu vizuri sana, na nikasema asante.

Matumbo yale tulirudi nayo yakiwa yamefungwa kwenye magunia. Baba hakukubali yalale gereji. Mafundi wa mjini walikuwa na sifa ya kubadilisha chuma kizuri kwa kibovu mteja akigeuza kisogo, na ingawa fundi wetu aliapa kwa mama yake, baba alisema anamwamini yeye, haamini usiku. Kwa hiyo konrodi na pistoni zikaja kukaa nyumbani, zimeoshwa kwa mafuta ya taa na kupangwa chini ya kitanda nilichokuwa nalala zamani na kaka. Chumba kizima kilinuka mafuta ya taa. Mama alifagia akizizunguka.

Jumamosi moja niliingia nikamkuta amechuchumaa, ameishika moja kwa mikono miwili.

"Nzito," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Umeulizwa wewe?"

"Kuhusu nini?"

"Usinifanye mjinga. Baba yako amekuuliza kama unataka kuliendesha?"

"Hapana."

"Na angekuuliza ungesema nini?"

Nilifikiri. Nilijaribu kwa uaminifu kabisa kutafuta jibu ndani yangu, nikakuta mahali pa jibu pako wazi na pamefagiliwa. "Sijui," nilisema.

Mama aliirudisha konrodi pale pale ilipokuwa, akaisogeza kidogo iwe sawa na wenzake. "Hujui," alisema. Akachukua ufagio akatoka.

Injini ilifungwa. Bloku ilitoka Arusha, ikachongwa katika karakana moja mjini, na baba alikaa Njoro siku zote za kuunganisha, amekalia tairi, akiangalia kila boliti inavyokazwa. Ilipowashwa sauti yake ilikuwa tofauti na ya zamani, nzito na ya chini, na niliisikia kwanza kwenye nyayo. Baba alivua kofia. Fundi alinipiga mgongoni akaniambia sasa nitapanda mlima kwa gia ya tatu. Nilisema ni kweli, imetulia.

Baba mwenyewe ndiye aliyelipandisha Uru, likiwa tupu. Alikuwa ameliendesha miaka mingi kabla magoti hayajaanza kumsumbua. Nilikaa pembeni yake. Tulipofika kwenye mpando wa juu ya mto hakupunguza mwendo, na lori likapita pale kwa urahisi mno, hata nikaona haya kwa niaba yake. Alililaza nyumbani, uani, mbele ya jiko. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

Lori lilikuwa limemwaga damu, kwa hiyo halikuweza kurudi kazini hivi hivi. Jumamosi iliyofuata alikuja padre asubuhi, akalinyunyizia maji ya baraka, akaomba, akakataa chai kwa adabu kwa sababu alijua vizuri kinachofuata akiondoka. Alipopinda tu kona ya ua, wazee wa ukoo wakaleta mbuzi. Baba mkubwa, kaka yake baba, akachukua kata ya mbege, akanywa funda, akalipulizia lori kwenye magurudumu na kwenye boneti akilisemesha Kichaga, akiliomba lisahau. Mbuzi akachinjwa. Wanawake walikuwa upande wa jiko na sufuria zao za ndizi, wanaume upande wa lori, na mimi nilikuwa, kama kawaida yangu, nimeshughulika na viti.

Kwetu nyama ya mbuzi wa ukoo haichukuliwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, kuna cha wazee, kuna cha shangazi, kuna cha wakwe, na mwenye boma ndiye anayekata na kuita mwenye chake aje apokee mbele ya watu. Katika ukoo wetu bega la kulia ni la mtoto wa kwanza wa kiume. Mwanamke haligusi. Na nyama ikishaitiwa mtu hairudi kwenye chungu wala haigawanywi upya; lazima iliwe na mwenyewe, au na yule anayesimama mahali pake.

Nyama ilipokwisha kubabuliwa baba alianza kukata. Alikuwa mkataji mzuri, kisu chake kilijua viungo bila kutafuta. Alimwita baba mkubwa. Aliwaita wazee wengine. Akakata bega la kulia, akaliweka juu ya jani la mgomba, akalinyanyua kwa mikono miwili, akaita kwa sauti ileile aliyoita nayo tangu tukiwa wadogo, "Mwanangu wa kwanza, njoo!"

Ua mzima uligeuka kumtazama. Mikono ya baba ilibaki juu. Sijui alichelewa kiasi gani kuelewa alichokifanya, lakini niliona kinavyomfika usoni, na bado hakujua pa kuliweka lile jani.

Baba mkubwa alikohoa. Alikuwa mtu mwema na alitaka kumwokoa mdogo wake. "Wa kupokea yupo," alisema taratibu. "Simama, mwanangu. Pokea."

Wazee waliitikia kwa koo, kila mmoja alipokaa. Wote tulijua maana yake. Atakayelila bega lile mbele ya ukoo amechukua nafasi ya aliyelala chini ya migomba, majukumu yake, mahali pake pa kukaa, na usukani wake. Baada ya hapo hakuna tena wa kuulizwa wala wa kukataa. Niliweka chini kiti nilichokuwa nimeshika. Miguu yangu ikaanza kwenda, na siwezi kusema niliizuia. Nilikwisha kunyoosha mikono.

Mama alipita mbele yangu. Alikuwa ametoka jikoni, mikono yake imejaa utomvu mweusi wa ndizi, na alilitoa lile jani mikononi mwa baba kama anavyompokea mtu mzigo. Akaenda kwenye lori, ambalo hakuwa ameligusa tangu lirudi, akakaa kwenye kikanyagio cha mlango wa dereva, akaliweka bega magotini. Akaling'ata.

"Shemeji!" Baba mkubwa alisimama. "Shemeji, hiyo si yako."

Mama alitafuna, akameza. "Nimemzaa mimi," alisema. "Nimemzika mimi. Ni ya nani?"

Baba mkubwa aliketi tena. Nani angemjibu? Na nani angekwenda kumpokonya nyama mdomoni mama aliyefiwa? Alikula bila haraka. Nyama ilikuwa nyingi na nyingine ilikuwa bado ngumu, akaivuta kwa meno, akaguguna mpaka mfupa ukabaki mweupe. Wanawake walikuwa wamesimama wote upande wa jiko na miko yao mkononi. Shangazi mmoja alianza kulia akajizuia. Mama alipomaliza aliuweka mfupa juu ya jani, akamtazama baba, akamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, bila kupitia kwangu:

"Lori ni lako. Chuma ni chako. Liendeshe wewe."

Baba alitoa ufunguo mfukoni, akautazama, akaurudisha. Kisha akainama akaendelea kukata nyama, maana watu walikuwa bado wanasubiri. Aliliendesha mwenyewe kuanzia Jumatatu yake, na magoti yake mabovu, kwa miaka yote iliyobaki mpaka alipoliuza. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ile mama aliniita nimpelekee maji ya kunawa. Nilichota kwenye pipa, nikamkuta bado amekaa pale kwenye kikanyagio, nikaanza kummiminia mikononi. Alijisugua, utomvu haukutoka, mafuta ya nyama yakatoka kidogo.

"Huenda kile chuma kina nguvu kweli," alisema chini kwa chini, ili nisikie mimi tu. "Mimi sijui. Ila sikutaka tujue kwa kukutumia wewe."

Ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu kaka afe, kwa sauti, mbele ya wazee na wanawake wote, na sikuweza kuishika kata sawasawa, na maji yote yakamwagikia miguu yake.